Ufagio Ulioota Mizizi

Kwenye laini ya kina Mwongeli, safu ya nyumba nyuma ya mtaa wa Pumwani, hakuna aliyehitaji kuuliza zamu ya usafi ni ya nani. Ufagio ulisema. Mama aliyemaliza kuosha choo na kufagia uwanja wa bombani aliukung'uta ule ufagio wa chelewa wenye mpini mrefu, akauegemeza mlangoni pa jirani anayefuata, akaenda zake bila kubisha hodi. Jirani alipofungua mlango asubuhi na kuukuta, alijua siku yake imefika. Kufikia jioni ufagio ulitakiwa uwe umehama.

Nyumba zenyewe ni za chumba kimoja kimoja. Zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wanaume walioitwa mjini kwa sababu ya mikono yao tu. Wake na watoto walitakiwa wabaki vijijini wasionekane. Mkoloni akaenda, wake na watoto wakaja, kodi ikapanda na kupanda, lakini choo kikabaki kile kile kimoja kwa laini nzima. Walioahidi kujenga kingine walikuja kila wakati wa kura, wakakitazama, wakaziba pua, wakaondoka. Basi kina mama wakajipangia wenyewe: kufuli moja, kila mlango ufunguo wake, na zamu. Watoto hawaruhusiwi kukiosha, kwa kuhofia magonjwa, na asiyefanya zamu anarudisha ufunguo.

Jumanne moja asubuhi Mwongeli alifungua mlango akaukuta ufagio. Aliuingiza nyuma ya mlango haraka, kana kwamba kuuficha kungeifuta zamu.

"Leo mwili ukoje, mama?" aliuliza huku akipuliza jiko.

Mama yake, Muthoki, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akijaribu kukunja vidole. "Kama mtu aliyepigwa rungu, kisha akalazwa mvuani," alijibu, akatabasamu kidogo. "Nifungulie huo mtungi, mwanangu. Kifuniko kimenishinda."

Mwongeli alikuwa na miaka kumi na miwili, Gredi ya Sita, na kazi hizo alizijua kama alivyozijua herufi. Alifungua mitungi, alichuja uji, alimfunga mama vifungo vya blauzi asubuhi zile mbaya. Baba yake, Phares, aliendesha lori kwenda Malaba, mpakani, na alionekana nyumbani mara chache. Siku nyingine mama aliamka mwepesi, akashona pindo za suruali za wateja na kwenda kanisani kwa miguu. Kesho yake hata kijiko kilikuwa kizito. Hapo ndipo palipoleta maneno. Majirani walimwona Jumapili akiimba, na Jumatatu wakaambiwa hawezi kuinua ndoo.

Ugonjwa ulikuwa na jina. Baada ya miaka ya kupimwa damu na kupigwa picha zisizoonyesha kitu, daktari wa hospitali kubwa alimwambia ni fibromialjia: maumivu ya mwili mzima, uchovu, na usingizi usiopumzisha. Muthoki alifurahi kwamba limepatikana jina. Wakati huo alikuwa fundi wa cherehani kwenye kiwanda cha nguo, mwaka wa tisa, bila hata siku moja ya kuchelewa. Akaenda kwa msimamizi, akasema ukweli wote, akaomba kiti chenye mgongo.

"Hapa ni kiwandani, si wodini," msimamizi alimjibu. Kiti hakikuja. Ilikuja barua ya kufutwa kazi.

Tangu siku hiyo Muthoki alimwonya bintiye: "Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Waliosema hivyo hawakuwahi kuajiriwa. Mimi niliyataja maradhi, yakaniumbua papo hapo. Usimwambie mtu."

Kwa hiyo Mwongeli hakumwambia mtu. Hata Ayuma, rafiki yake wa mlango wa tatu, hakujua.

Siku mbili zilipita, ufagio haukuhama. Alhamisi baada ya shule Mwongeli alikuta kina mama wamepanga mitungi bombani wakisubiri maji. Mama Ayuma, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyekuwa msemaji wao na mshika funguo za akiba.

"Mwongeli! Hebu niambie, ule ufagio kwenu umeota mizizi?"

Wengine wakacheka.

"La, Mama Ayuma."

"Basi tuupalilie? Tuumwagilie maji? Maana naona umepata shamba zuri."

"Mama ataosha," Mwongeli alisema, macho chini.

"Lini? Mama yako ana mikono miwili kama sisi. Mimi huyu natoka sokoni na gunia mgongoni, naosha. Mwambie hivi: Jumamosi asubuhi choo kisipokuwa kimeoshwa, ufunguo urudi. Mwenye kupumzika kama malkia ajenge choo cha malkia."

Ayuma alimfuata Mwongeli hadi mlangoni. "Usimjali mathe wangu," alinong'ona. "Lakini pia, kwani mamako huwa na nini?"

"Hana kitu," Mwongeli alijibu, akafunga mlango. Kilichomchoma zaidi si vicheko vya bombani. Ni kwamba, kwa dakika moja, alimtazama mama yake amelala mchana na akajiuliza: je, kama wanasema kweli?

Mama alimpa pesa za mboga. "Nenda soko la Muthurwa, kule ni rahisi. Lete terere na ndengu. Usinunue vitunguu, viko."

Muthurwa ilikuwa imefurika. Mwongeli alikuwa ameshaanza kuchagua terere aliposikia kipaza sauti.

"Mwili mzito asubuhi? Usiku umelala lakini hujalala? Vidole vinakataa kufunga kifungo? Mama, baba, hiyo si uchawi! Hiyo si uvivu! Hiyo ni magnesiamu imekwisha mwilini!"

Mwongeli akaliacha fungu la terere. Si uvivu! Hajawahi kusikia mtu akilisema hilo kwa sauti kubwa hivyo. Alijipenyeza hadi mbele. Mwanamume aliyevaa koti jeupe lenye doa la chai alisimama nyuma ya meza yenye pakiti za unga mweupe. Watu walimwita Daktari Patrobas.

"Binti, nani anaumwa?"

"Mama."

"Wamempa jina gani huko hospitali?"

Mwongeli alisita, kisha akanong'ona, "Fibromialjia."

Patrobas hakupepesa jicho, ingawa ilionekana kabisa ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia. "Hiyo hiyo! Ndiyo ninayoitibu kila siku. Kijiko kimoja kwenye kikombe."

"Jumamosi atakuwa amepona?"

"Jumamosi? Wengine hupona kabla hawajashuka kwenye gari!"

Watu wakacheka. Mwongeli hakucheka. Alitoa pesa zote za mboga.

Nyumbani mama aliuliza, "Mboga iko wapi?"

"Askari waliwafukuza wachuuzi, mama. Kila mtu alikimbia."

Uongo ulitoka laini kama mafuta, na mama aliuamini, kwa sababu mara ngapi amewaona akina mama wakikimbia na vikapu kwa kosa la kutafuta chakula cha watoto! Walikula ugali kwa chumvi na vitunguu.

Mwongeli hakuonyesha pakiti. Alijua mama hataki dawa za barabarani. Amekwisha kunywa mizizi, mafuta ya samaki na maji yaliyoombewa, na kila mara aliyepata nafuu ni muuzaji. Kwa hiyo alikoroga kijiko kimoja ndani ya uji wa wimbi, akaongeza ndimu. Ijumaa akarudia. Mama alisema tumbo linanguruma, lakini vidole vilikuwa vile vile.

Jumamosi asubuhi Mwongeli alisikia ndoo zikigongana bombani. Muda ulikuwa umekwisha. Akafikiri: kama kijiko kimoja kinafanya kazi polepole, vitatu vitakimbia. Alitia vijiko vitatu vilivyojaa pomoni, kisha akatia kingine.

"Uji huu una uchungu," mama alisema.

"Ni ndimu, mama. Umalize upate nguvu."

Mama akaumaliza, kwa sababu umepikwa na mtoto wake.

Haukupita muda, Mama Ayuma akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mama Mwongeli, habari ya asubuhi. Nimekuja kwa ule mpango: zamu haikufanywa, ufunguo urudi."

Muthoki alijaribu kusimama, akashika ukuta. Angeweza kusema. Neno lilifika mdomoni, Mwongeli aliliona. Lakini pengine mama alimwona yule msimamizi wa kiwanda badala ya jirani, maana alinyoosha mkono kwenye msumari, akautoa ufunguo, akampa. "Chukua."

"Hata sababu hunipi?"

"Sina sababu."

Mama Ayuma aliondoka akitikisa kichwa, ufagio kwapani.

Kisha tumbo la Muthoki likaanza. Kwanza alijikunja, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Mwongeli," alisema kwa aibu, "nataka kwenda choo. Sasa hivi."

Mwongeli alitoka mbio hadi bombani. Kina mama wote walikuwapo, kanga zimefungwa kiunoni, sabuni imetanda sakafuni.

"Mama Ayuma, naomba ufunguo! Mama anaharisha!"

"Aa! Kuosha hana nguvu, kuharisha anazo? Aje aoshe kwanza."

"Hawezi!"

"Hawezi au hataki?"

Mwongeli alihisi maneno yamemjaa kifuani kama mvuke ndani ya sufuria iliyofunikwa. "Hawezi! Ni mgonjwa! Ana fibromialjia, mwili wote unamuuma kila siku, asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo! Jumapili akiimba anatumia nguvu za siku tatu! Walimfuta kazi kwa kusema ukweli, ndiyo maana hasemi! Mnamcheka na hamjui kitu!"

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika kwenye mtungi uliojaa. Hakuna aliyeyafunga.

Mama Ayuma alikuwa wa kwanza kusogea. Aliutupa ufagio, akachukua ufunguo, akakimbia kwa mwili wake wote mkubwa hadi mlangoni kwa Muthoki, akamwinua kwa kwapa kama mtoto. Walifika chooni, lakini hali haikutulia. Alirudi chooni tena na tena, mpaka midomo ikamkauka na miguu ikamkataa.

"Mayo! Huyu anatuponyoka," Mama Ayuma alisema. "Leteni mkokoteni wa maji!"

Mitungi ikashushwa, blanketi ikatandikwa, Muthoki akalazwa juu yake. Mama Ayuma akashika mipini mwenyewe. Watu walisimama barabarani kutazama wanawake wakimvuta mwenzao kama mzigo wa soko la Gikomba. "Mnatazama nini?" aliwafokea. "Kama mna gari, leteni! Kama hamna, sukumeni!" Wakasukuma.

Katika kituo cha afya, Daktari Kweyu alimtundikia dripu, akampima mapigo ya moyo. "Ameanza leo? Amekula nini? Kama kuna wengine wanaoharisha mtaani, hii inaweza kuwa kipindupindu. Itabidi tumtenge na kukifunga choo chenu."

"Tulikula ugali na vitunguu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Na uji."

Daktari akamgeukia Mwongeli. "Uji ulikuwa na nini?"

Ilikuwa rahisi kusema "wimbi". Lilikuwa jibu la kweli, nusu yake. Mwongeli alimtazama mama yake chini ya lile blanketi la mkokoteni. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti iliyokunjwa, akaiweka mezani.

"Nilimtilia hii. Yeye hakujua. Aliyeniuzia alisema kijiko kimoja, na kwamba Jumamosi atakuwa amepona, nikatia vinne ili apone haraka. Na askari hawakumfukuza mtu. Pesa za mboga ndizo nilizonunulia."

Muthoki akafumba macho.

Daktari Kweyu alifungua pakiti, akatazama zile chembe nyeupe, akaonja kwa ncha ya kidole na kukunja uso. Kisha akachukua nyundo ndogo ya mpira, akagonga goti la Muthoki. Mguu uliruka kidogo. "Goti linaitika. Vizuri, haijazidi mno mwilini. Una ugonjwa wa figo? Hapana? Shukuru Mungu. Mwenye figo mbovu angelala hapa na asiamke. Nitachukua damu tuhakikishe. Lakini hii inaonekana ni chumvi ya magnesiamu, ile wazee walikuwa wakinywa kusafisha matumbo. Binti, umemsafisha mama yako kama bomba."

Mama Ayuma aliguna, nusu kicheko, nusu kilio.

"Kwa hiyo magnesiamu ni sumu?" Mwongeli aliuliza.

"La. Misuli na neva zako zinaihitaji hata sasa unaponiuliza. Kuna wagonjwa wa fibromialjia wanaopewa vidonge vyake. Wengine husema wanapata nafuu kidogo, wengine hawaoni tofauti. Hata sisi bado hatujui vya kutosha. Ninachojua ni kwamba haiuponyi ugonjwa huu, wala hainywewi kwa kukisia. Mtu anayekuahidi Jumamosi anakuuzia Jumamosi, hakuuzii dawa."

"Na ugonjwa wenyewe ni wa kweli?" Mama Ayuma aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. "Maana mimi humwona akitembea."

"Ni wa kweli. Chukua redio, ongeza sauti hadi mwisho. Neva za huyu mama zinapiga maumivu kwa sauti ya juu hivyo, hata kama kilichomgusa ni kidogo. Picha haionyeshi sauti. Zipo dawa za kusaidia, na nitamrudisha kliniki. Kutembea kidogo kidogo kila siku kunasaidia. Kulala saa zile zile kunasaidia. Kufanya kazi kwa vipande na kupumzika katikati. Na kuaminiwa, mama. Mtu anayeitwa mvivu huumia mara mbili."

Mama Ayuma akainamisha kichwa.

"Hiyo magnesiamu ya kawaida, isiyo ya pakiti, mtu anaipata wapi?" alimuuliza daktari.

"Kwenye chakula. Mboga za majani, terere hasa. Ndengu, maharagwe, njugu, wimbi, mbegu za malenge mnazotupa."

Mwongeli akaangua kilio. "Ndizo alizonituma! Terere na ndengu!"

Daktari alimpa kitambaa. "Basi umeuza ng'ombe ukanunua picha ya maziwa," alisema. "Si wewe wa kwanza. Lakini ungeficha pakiti hii, ningemtibu ugonjwa asio nao. Kuitoa, hapo umefanya sawasawa."

Jumatatu Mama Ayuma na wenzake walikwenda Muthurwa kumtafuta Patrobas. Alikuwa amehamia kona nyingine, na unga ule ule sasa ulitibu macho. Hawakumpiga wala kumtukana. Walisimama pembeni ya meza yake mchana kutwa, na kila mnunuzi aliyekaribia alisimuliwa habari za mkokoteni. Kufikia jioni kipaza sauti kilikuwa kimenyamaza. Tumbo la maskini limekuwa soko la matapeli siku nyingi. Siku hiyo angalau meza moja ilikunjwa.

Wiki iliyofuata, Muthoki alipopata nguvu, aliwaita majirani uwanjani. Aliwaeleza mwenyewe habari za kiwanda na kiti ambacho hakikuja. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayesoma mita ya maji.

"Mimi nimekutukana bombani mbele ya mtoto wako," Mama Ayuma alisema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilijifanya ninawahesabu. Nisamehe. Huu hapa ufunguo. Na kwenye zamu tutakuruka, upumzike."

"Msiniruke," Muthoki alisema upesi. "Mkiniruka mtanisahau. Nipeni kazi ninayoiweza. Kuinua ndoo siwezi. Kufagia naweza, kwa vipande, nikipewa siku kadhaa. Kuanzia sasa, zamu yangu ikifika, wengine waoshe choo, mimi uwanja wa bombani uwe wangu, na funguo za akiba nishike mimi. Mama Ayuma amechoka kuzipigia kelele."

"Na kelele zenyewe nimpe nani?" Mama Ayuma aliuliza. Uwanja mzima ukacheka, na safari hii Muthoki naye alikuwa ndani ya kicheko.

Zamu ilipozunguka, ufagio ukafika tena mlangoni. Mwongeli hakuuficha. Mama alifagia kutoka mlangoni hadi kwenye mtaro, akaketi kwenye kiti chenye mgongo alicholetewa na Mama Ayuma, akapumzika. Mwongeli aliketi karibu naye akichambua ndengu.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika kwa ule uongo wa mboga na kwa kunitilia kitu nisichokijua. Usirudie kumpa mtu dawa kwa siri, hata ukimpenda namna gani. Dawa ni ya kuulizia, tena kwa aliyesomea." Akasugua vidole. "Lakini kufichaficha ulifundishwa na nani? Ni mimi. Mtu mmoja aliuadhibu ukweli wangu, nikamwachia ushindi, nikaufungia kabisa ukweli huo ndani ya nyumba. Kosa lilikuwa la yule aliyenifuta, mwanangu, halikuwa la kusema. Sema ukweli. Ukipata wa kukucheka, tafuta wa kukuvuta kwa mkokoteni. Wapo, ila hawawezi kuja wasipojua unaumwa."

Kutoka bombani sauti ya kengele ikalia. "Mama Mwongeli! Ufagio umeota mizizi huko?"

"Umeota!" Muthoki aliitikia. "Njoo kesho utakuta majani!"

Akauegemea ufagio, akasimama, akaanza kipande cha pili.